Matone ya Macho Aliyopewa Nakeno na Mjomba Wake

Nyuma ya soko, Kakuma,
Turkana Magharibi.
9 Machi 2025

Mpendwa Senge, shangazi yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye jua. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba mvua ya kwanza imefika Kimilili mkaanza kupanda. Sisi huku hatujaona hata wingu. Upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa. Lakini tunapumua, tunakula, na watoto wanasoma. Kwa hayo namshukuru Mungu.

Ekidor ameenda Lokichar kuuza mbuzi na anakusalimu. Mama yake, mama mkwe wangu wa Lopur, aliposikia nakuandikia alisema nikufikishie "ejok" yake, salamu ya Kiturkana. Nimeifikisha.

Senge, uliponipigia simu Jumapili iliyopita tulilia wote wawili na hatukuelewana. Ulisema, "Rael, damu ni damu, enda ufute hayo mashtaka ya ndugu yako." Nikakata simu. Sijawahi kukukatia simu maishani mwangu, na kwa hilo nakuomba radhi. Nimeona nikuandikie ili usikie jambo hili kutoka kwangu, tangu lilipoanza. Wewe ndiwe uliyetulea mimi na Barasa mama alipotutoka, na mpaka sasa umesikia upande wa Barasa peke yake.

Unakumbuka macho ya Nakeno wangu yalivyoanza kumsumbua alipoingia darasa la pili. Yalikuwa mekundu, yanawasha, yanatoa uzi mzito mweupe. Aliyasugua mpaka kope zikavimba. Akitoka nje kwenye mwangaza alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa pilipili. Watoto wenzake wakakataa kukaa naye dawati moja wakidhani atawaambukiza, na mimi mwalimu wao sikujua kama ni kweli. Nikamteremsha Lodwar kwa daktari wa macho anayeitwa Namuar.

Namuar alinieleza pole pole. Alisema ni mzio, hauambukizi. Mwili wa mtoto umelichukia vumbi. Kwenye jicho kuna chembe ndogo sana ambazo vumbi likizigusa hupasuka na kumwaga kitu kinacholeta mwasho. Akamwandikia matone yanayoitwa kromoglikati, ambayo kazi yake ni kuzituliza hizo chembe zisipasuke.

"Mama Nakeno," aliniambia, "hii dawa si maji ya kuzima moto. Hii ni boma ya miiba, unajenga kabla fisi haijakuja. Ukiweka leo, kesho bado atajikuna. Hata wiki ya kwanza anaweza kujikuna. Wewe weka tu, mara nne kila siku, hata kama macho iko safi."

Halafu akanionya. Alisema madukani kuna matone mengine yenye steroidi, ambayo huyafanya macho kuwa meupe haraka na watu huyapenda kwa sababu hiyo. Alisema hata wao kliniki huyatumia, lakini kwa muda mfupi, na wakati huo wote wanapima presha ya jicho. "Ukimwekea mtoto bila kupimwa," akasema, "inaua jicho kidogo kidogo, na yeye hasikii uchungu."

Chupa ya Lodwar ilipokaribia kumaliza muda wake nikaenda kwa Barasa. Ningeenda kwa nani mwingine? Duka lake la dawa liko hapa sokoni. Mimi ndiye niliyemwita huku alipomaliza chuo, akalala sebuleni kwangu mpaka aliposimama kwa miguu yake. Nakeno alikuwa akimwita Mjomba Daktari.

Barasa alisema kromoglikati imeadimika lakini ataitafuta. Baadaye akaja nyumbani na chupa isiyo na karatasi. Nikamuuliza jina liko wapi. Akasema karatasi ilibanduka kwa joto ikiwa safarini.

Watu wananiuliza siku hizi kama mimi mwalimu sina macho ya kusoma. Senge, nilimuuliza. Tulikuwa tumesimama mlangoni na chupa iko mkononi mwangu. Nikamwambia, "Barasa, hii ina steroidi?"

Akacheka. "Mwalimu, sasa utanifunza kazi yangu? Ni ile ile ya Lodwar, kampuni tu ndiyo tofauti."

"Niambie ukweli."

"Dada, mimi naweza kumpa mtoto wako kitu kibaya?"

Basi nikaipokea.

Macho ya Nakeno yakawa meupe kama maziwa kabla wiki haijaisha. Akawa anakimbia juani na wenzake, anacheka, anarudi nyumbani na magoti machafu. Nililia kwa furaha. Mama mkwe wangu, ambaye tangu nilipoolewa hakuwa na neno zuri juu ya watu wa kwetu, alitoka Lopur akimvuta mbuzi kwa kamba na kumkabidhi Barasa kwa mkono wake mwenyewe. Alisema sasa amejua ukoo wetu una watu. Barasa akampokea huyo mbuzi, Senge. Akampokea na kushukuru.

Kila chupa ilipokwisha alileta nyingine, nayo haina karatasi. Alinawa mikono, akamlaza Nakeno mapajani, akamwekea matone yeye mwenyewe huku akimwimbia zile nyimbo zako za Kibukusu. Tarehe ya kurudi kliniki ilipofika aliniambia, "Kwa nini umchoshe mtoto na safari ya Lodwar, na amepona?" Niliona ni neno la mjomba mwenye huruma.

Muhula uliopita Nakeno akaanza kugonga miimo ya milango kwa bega la kushoto. Mpira ukitokea upande huo ulimpiga usoni. Nikadhani ni utoto. Siku moja nikampa kikombe cha chai nikiwa nimesimama kushoto kwake, akanyoosha mkono na kupapasa hewa tupu. Nikakiweka kikombe chini, na kesho yake tukapanda gari la Lodwar.

Namuar alimpima presha ya macho, akarudia, kisha akaomba kuiona chupa. Akaigeuza huku na huku.

"Jina iko wapi?"

Nikamweleza. Akaniambia, "Piga yeye simu. Weka sauti nje."

Barasa aliposhika simu nilimwambia daktari anataka jina la yale matone. Akaanza, "Si nilikuambia ni ile ile..."

Namuar akamkata. "Ndugu, mimi niko na mtoto hapa. Presha iko juu sana. Nataka jina, sitaki hadithi."

Nilimsikia mteja dukani kwake akiulizia dawa ya kikohozi. Ndipo akalitaja jina, na Namuar akafumba macho na kutikisa kichwa. Ilikuwa steroidi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Alikuwa analia, dada. Ile nyingine inachelewa. Nilitaka apone haraka, muone kwamba mimi..."

Jicho la kushoto la Nakeno limepoteza sehemu ya kuona, na sehemu hiyo haitarudi. La kulia liliguswa kidogo tu, likawahiwa. Sasa anatumia matone ya kushusha presha na tunarudi Lodwar kila tunapoitwa.

Kama mambo yangeishia hapo, huenda ningekusikiliza, Senge. Ningesema kijana aliteleza kwa kupenda sifa. Lakini niliporudi Kakuma nilimkuta mama mmoja akinisubiri kwenye lango la shule. Anaitwa Achai, ni Msudani Kusini anayekaa kwenye makazi ya wakimbizi ya Kalobeyei. Alikuwa amemshika mkono mwanawe, Ater, ambaye macho yake yalikuwa meupe kabisa, meupe kama ya Nakeno.

"Mwalimu," akasema, "nasikia mtoto yako ameharibika macho. Mimi nilinunua dawa kwa ndugu yako juu ya mtoto yako. Aliita yeye pale dukani, akaniambia, angalia macho ya huyu, mama yake ni mwalimu. Mimi nikaamini. Kama mwalimu anatumia, mimi ni nani nikatae?"

Kumbe ndiyo maana alipenda Nakeno apitie dukani akitoka shule. Nilidhani anamkumbuka mpwa wake kwa biskuti. Mtoto wangu alikuwa bango lake, na kazi yangu ya ualimu ilikuwa maandishi ya hilo bango.

Nilienda moja kwa moja dukani. Nikamwambia awatafute wote aliowauzia hayo matone, waende wakapimwe. Akasema, "Nikitangaza hivyo si nitakuwa nimejifungia duka?" Kisha akashusha sauti na kunisogelea. "Dada, sema tu ulinunua kwa mchuuzi huko Kalobeyei. Hakuna atakayejua. Sisi ni wa tumbo moja."

Alisema hivyo huku akipanga maboksi kwenye rafu, na mikono yake ilikuwa imetulia. Hakuuliza hata mara moja Nakeno anaonaje.

Senge, mimi ndiye niliyekuwa nikimbeba mgongoni ulipokuwa unaenda kulima. Ninajua kovu lililo nyuma ya sikio lake na nani alimtia. Lakini siku ile sikumjua mtu aliyekuwa mbele yangu.

Nilienda Kalobeyei na Achai tukapita nyumba kwa nyumba, yeye akiongea na watu wake na mimi nikionyesha chupa. Ilikuwa aibu kubwa kusema, "Mwenye duka ni ndugu yangu." Wengine walinitazama kama mimi ndiye niliyewauzia. Ater alipimwa na macho yake yamewahiwa, na watoto wengine wametumwa Lodwar. Halafu nikapeleka malalamiko kwa wanaosimamia maduka ya dawa, kwa jina langu kamili. Duka limefungwa mpaka uchunguzi uishe. Hayo ndiyo "maisha yangu aliyoniharibia dada" ambayo Barasa alikuambia.

Ekidor hajanilaumu kwa mdomo. Mama mkwe alikuja, akakaa na Nakeno, akampitishia mkono upande wa kushoto wa uso mpaka mtoto alipogeuka. Akaniuliza, "Mbuzi yangu nilipatia nani?"

Kabla sijasahau, kuna jambo la yule mjukuu wako anayejikuna macho mahindi yanapotoa maua. Msimkimbilize kwenye duka la dawa. Apelekwe kwanza kwa daktari wa macho ajulikane ana nini. Akiandikiwa matone ya kromoglikati, muwe na subira, maana hayafanyi kazi ya siku moja, na msiache kwa sababu macho yametulia. Sisi huku tunanawa mikono kwanza, tunavuta kope ya chini, tunadondosha tone moja bila ncha ya chupa kugusa jicho. Huchoma kidogo mwanzoni, kisha hupoa. Chupa naiweka chini karibu na mtungi ambapo joto halifiki, haitumiwi na mtoto mwingine hata kama anajikuna, na ikifika wiki nne tangu kufunguliwa naitupa hata ikiwa na dawa ndani. Akilalamika maumivu au ukungu machoni, msingoje tarehe ya kliniki. Na chupa isiyo na jina msiipokee, hata ikiletwa na mtoto wa nyumbani.

Nakeno amerudi kwenye kromoglikati. Anajikuna kidogo siku za upepo, lakini ni afadhali. Kinachoniumiza ni kwamba hakubali nimwekee mpaka nimsomee jina lililo kwenye chupa kwa sauti. Nikimaliza kusoma, anaichukua na kujisomea mwenyewe, kichwa kimeinama upande. Mimi mama yake, Senge. Hata mimi ananihakiki.

Uliniuliza nitamsamehe lini. Sijui. Labda siku moja atakuja na kumuuliza Nakeno anaona nini upande wa kushoto, akae asikilize jibu. Mpaka leo hajaja. Malalamiko sitayafuta, na nakuomba usiniombe tena, kwa sababu wewe nikikukatalia mara ya pili nitaumia kuliko nilivyoumizwa naye. Ukitaka kuja Kakuma, njoo. Kitanda kipo, na Nakeno anauliza habari zako. Lakini njoo peke yako, na ukifika mlangoni, tafadhali simama upande wake wa kulia.

Nisalimie babu Khaemba, na Nekoye, umwambie nimefurahi kusikia amejifungua salama. Wasalimie na akina mama wa kanisani walioniombea bila kuniuliza maswali.

Mungu akupe nguvu ya kuvuna ulichopanda, na akuongezee miaka.

Ni mimi binti yako akupendaye hata sasa,

Rael