Wiki Mbili Bila Kidonge

Jumatatu, 10 Juni 2024

Nisamehe, daftari langu. Tangu Pasaka sijakushika. Mambo ya kuandika yalikuwepo — ila nilikuwa nasinzia nimesimama! Kalista anaota meno, miezi tisa tu na ananing'ata kama mkubwa. Baba yake yuko Mafinga kwenye mbao. Na sasa mama naye yuko hapa kwangu Mbeya, katoka Igowole kwa ajili ya koo.

Mwezi wa tatu walimpima kwa kamera. Sehemu ya umio, njia ya chakula, imebadilika. Siyo kansa. Bado siyo. Inaweza kugeuka, inaweza isigeuke. Wamemwingiza kwenye utafiti, wanamfuatilia kwa karibu. Ijumaa tunapeleka mkojo wa siku nzima, wiki ijayo kamera tena.

Jumanne, 11 Juni

Sista Matilda, nesi wa utafiti, kanieleza polepole mpaka nikaelewa. Kuna kitu mwili unatengeneza mahali penye uvimbe, kinaitwa prostaglandini. Wanataka kujua kama kikizidi ndiyo umio unaelekea kwenye kansa. Wanakipima kwenye mkojo na kwenye vinyama vidogo wanavyochukua kooni. Sharti moja, aliloambiwa mama tangu mwezi jana: wiki mbili kabla ya kipimo bila dawa za maumivu. Zinakishusha, basi kipimo kinadanganya.

Sista ni wa Njombe. Akamsalimu kwa lugha ya kwao: "Kamwene, mama!" Mama akacheka mpaka akakohoa. Akaulizwa, hujameza hata kidonge kimoja?

"Mimi? Mwanangu, mimi hata homa naiacha iondoke yenyewe."

Alhamisi, 13 Juni

Nilikuwa nafua khanga ya mama. Pindo limefungwa fundo. Nimefungua — vidonge vinne, vyeupe.

"Mama, hivi vya nini?"

"Vya magoti."

"Si ulimwambia sista humezi?"

"Wangenitoa! Halafu koo langu angeliangalia nani? Wewe?"

Kumbe anameza kila asubuhi, miaka na miaka. Kule kwenye mashamba ya chai wote wanameza kimoja kabla ya kubeba kikapu. Mwenzako akikupa unapokea, kama chumvi. Asiyemeza, saa nne yuko chini, anashika kiuno.

Galoni la mkojo liko nyuma ya mlango, limefika nusu. Mama kasema nifunge mdomo. Kasema, "Mama Kalista, mimi ndiye niliyekuzaa." Nikaanika khanga.

Ijumaa, 14 Juni

Nimesema. Kwa sista, mbele ya mama. Sauti ilinipanda mpaka Kalista mgongoni akaamka.

Sista hakufoka. Galoni lote likamwagwa chooni. Kasema mama aanze upya leo, mpaka tarehe 28, ndipo mkojo na kamera. Akishindwa anatoka kwenye utafiti. Hatafukuzwa hospitali, ila atapanga foleni ya kawaida, na kamera ni mwezi wa tisa. Mwezi wa tisa! Sista kasema pia, bibi, usingenificha, ningekutafutia hata mtu wa mazoezi ya magoti. Mama akaangalia dirishani.

Njia nzima alinitangulia.

Jumapili, 16 Juni

Goti la kushoto limevimba. Kanisani hatukwenda. Namkanda kwa maji ya moto. Haongei na mimi, anaongea na mtoto.

"Kalista, mwambie mama yako maji yamepoa."

Nikaenda kuchemsha mengine. Nikalia kidogo jikoni, basi.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi mama kafunga begi. Anarudi Igowole na basi la kesho.

Nimemwambia, nenda, mama, sikushiki. Ila ukifika kule utameza, na mimi na wewe tunajua. Nikamwekea Kalista mapajani, nikatoka kufagia. Niliporudi begi lilikuwa bado limefungwa, mtoto amelala, naye hajasogeza mguu asije akamwamsha.

Nimekaa mlangoni. Namwandikia kaka Tadeo kule Igowole atume vitu vya mama kwa basi. Naandika kwanza hapa nisisahau:

— kadi ya mama ya kliniki, chini ya godoro upande wa ukutani

— sweta lake zito, la kijani

— jina la vile vidonge. Amwulize Devotha wa duka anakovinunua, asiogope, sista anataka jina tu

— amwambie msimamizi wa chai mama harudi kabla ya tarehe 28. Hili nimeandika bila kumwuliza mwenyewe. Nimelisoma kwa sauti.

Nyuma yangu, taratibu:

"Na fimbo ya baba yako."

Mama! Mwaka jana Tadeo alimletea akaitupa uani, ati yeye siyo bibi kizee.

— fimbo ya baba, ile aliyoitupa