Pesa Iliyofika Kiwanja Mbele Yangu

Goma, kartie Birere,
Alhamisi asubuhi

Kwa muzee Jean-de-Dieu, kule Kiwanja

Papa mupenzi,

Nakusalimia wewe pamoja na mama kwa pumzi moja, ili asiseme tena kama ninamutaja wa pili sawa vile muzigo. Mumeamuka namna gani? Mafua ya mama ilishamuacha, ao ingali inamupigia hodi kila asubuhi? Na lile jicho la kuume ambalo daktari alilitengeneza, lingali linaona mpaka ngambo ya barabara? Sisi hapa tuko wazima. Rosine anashona, mashine inalia tangu jua kutoka. Watoto wanakula kama wageni wenye hawatarudia. Mimi naendelea na meza yangu karibu ya ofisi ya komini, naandikia watu barua: za kuomba kazi, za kuomba shamba, za kuomba musamaha. Wiki hii niliandikia waume wa watu barua tatu za kuomba musamaha, na kila mumoja alinilipa akaenda amefurahi. Hii yangu ndiyo imenishinda siku nne.

Ulifundisha miaka makumi tatu na moja, najua macho yako. Ukikuta makosa ya kuandika, tafazali usitoe kalamu nyekundu mbele ya kufika mwisho. Kuna makosa makubwa zaidi yanakungojea kule chini.

Lakini kuna neno moja naomba ulifanye hata mbele ya kuendelea kusoma. Florent, mwana wa mama Dative, asiuze pikipiki yake. Nimesikia mununuzi wa Bunagana atafika siku ya Mungu, misa ikiisha, na makuta mukononi. Tuma mutu amuite Florent sasa hivi. Umukalishe, umupe chai, umuulize bei ya mafuta, neno lolote. Ile pikipiki ndiyo inalisha muke wake Olive na watoto wao wanne, na mama Dative mwenyewe. Ikivuka Bunagana, hawataiona tena. Kisha urudie kwa barua hii, nikueleze.

Unakumbuka mwezi wa tatu, ulipokuja huku juu ya macho. Ulikaa kwetu majuma matatu. Kila magaribi ulikuwa kwenye kiti karibu ya mulango, jicho limefungwa, na mimi pembeni na simu, nikinongona majina ya watu wasiojulikana na kuandika namba ndani ya kayee. Siku moja uliniuliza ni kazi gani ile. Nikakuambia namna hii tu, bila kufikiri, kama ninafanya uchunguzi wa hesabu kwa kampuni moja. Ukasema uchunguzi ni kazi nzuri kwa mutu ambaye hakumaliza masomo, maana yake kichwa hakikulala. Neno lile lilikupendeza, nami nikaliacha likupendeze. Papa, siku ile uongo wangu ulikuwa na kimo cha mutoto wa kunyonya. Ulikula, ukakua.

Kampuni yenyewe inaitwa Goli Plus, na inakaa ndani ya simu. Ni muchezo wa kubeti. Unachagua timu, unaandika nani atashinda, unaweka makuta yako, na unangoja watu ambao hawakujui wakimbie juu yako. Nilianza na timu ninazozijua. Kisha nikafika kwa wasichana wa Finland, na kwa vilabu vya Ureno ambavyo majina yao sikuweza hata kuyasoma. Mimi na Benny, yule mwenye kuuza inite za simu mbele ya meza yangu, tulikuwa tukigombana juu ya beki wao wa kushoto kama mutu aliyetukatalia kutualika kwa harusi yake. Hapa Birere, kijana mwenye hana kazi ana timu tano za kusimamia, na anarudi nyumbani amechoka kweli.

Sasa sikia namna nilivyojiona mwerevu. Rosine anasoma simu yangu kila siku ya Mungu. Yeye anasema anaangalia saa. Anatafuta majina ya wanawake, hayapati, anatulia. Lakini ujumbe wa pesa angeuona. Kwa hiyo nilifungua akaunti ya Goli Plus na namba yako, Papa, wakati ulikuwa umelala. Simu yako ikalia, nikasoma alama za siri walizotuma, nikazifuta, nikairudisha chini ya muto. Kwa kuingiza pesa hakukuwa shida: nilikuwa nikinunua kuponi kwa Benny. Lakini kwa kutoka, Goli Plus ina sheria: pesa uliyoshinda inakwenda tu kwa namba iliyofungua akaunti. Nilijiambia siku nitakaposhinda nitakupigia, nikuambie kuna rafiki alikosea namba, unirudishie. Na kwa miezi ine hakuna siku hata moja iliyonisumbua na swali hilo.

Mpaka siku ya Jumamosi ile ya mwezi wa saba. Nilikuwa nimeandika mechi kumi, na zote kumi zikaisha vile nilivyoandika. Dola mia tano na kumi. Benny alishika kichwa chake, kisha akashika changu. Nikabonyeza mahali pa kutoa. Pesa ile ikatoka Birere, ikapita Kibumba, ikapita Rutshuru, bila kusimamishwa kwa bariere hata moja, bila kuonyesha karte, ikalala kwako Kiwanja. Tangu banki zilipofunga milango sijaona kitu kinasafiri kwa heshima namna ile.

Mbele sijamaliza hata kuutengeneza ule uongo wa rafiki aliyekosea namba, wewe ukapiga. Ulikuwa umesoma ujumbe mara mbili, jina la kampuni na neno malipo. Ukanena kwa sauti ambayo sikuisikia tangu siku yangu ya kupata kipaimara:

“Kambere, mushahara wa kwanza umeuleta kwa mikono ya baba, sawa vile mutoto wa mutu. Piga magoti nikubariki.”

Nami nikapiga magoti. Juu ya mawe ya volkano, kati ya meza ya Benny na kitunga cha mama mwenye kuuza ndizi, suruali ikapasuka hapo hapo. Benny alikuwa ameshabonyeza simu ili sauti isikike na watu wote, juu ya roho yake ya kupenda mambo ya watu. Ukamutaja baba yako. Ukamutaja baba yake. Ukaomba mukono wangu usikauke. Wanawake wa ndizi wakaitika Amina, na mumoja akaniongezea ndizi mbili za bure. Papa, niambie wewe mwenyewe, ni kwa jina la babu gani ningekukata maneno?

Na kwa kuwa muzazi mwenye heshima hali mushahara wa kwanza wa mutoto wake, wewe hukuula. Ulinunua manjanja, mabati mapya ya kikanisa cha shirika letu la wakristo, ukalipa na fundi wa kuyapigilia, na padri akatangaza jina langu. Mama aliniambia ile siku ya Mungu mvua ilinyesha tangu somo la kwanza, na hakuna mutu aliyesogeza benchi. Nilifurahi. Hata leo naona haya kwa namna nilivyofurahi.

Sasa nafika kwa Florent. Najua ulimuambia juu ya kampuni kwa roho nzuri, kwamba pahali mwana wako alipata, naye anaweza kupata, lakini asije mikono mitupu. Alinipigia Jumatatu, akitaka kujua ofisi iko kwa avenii gani. Nikamuambia yote: hakuna ofisi, hakuna mukubwa, ni muchezo wa kubeti, na nilishinda mara moja tu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, akaniuliza:

“Kaka Achille, umeshiba, sasa unafunika chungu?”

Nikaapa. Hapo ndipo nilipoharibu zaidi, juu alianza kuamini nusu. Alisema kama ni mupira, vizuri sana, yeye anaujua kunipita mimi, alicheza namba nane na mimi nilikuwa nikishika nguo za wachezaji. Bei ya pikipiki yote ataiweka mara moja, na wiki itakayofuata na yeye atanunua manjanja, ya nyumba ya mapadri. Nikamuuliza, na ukipoteza? Akanijibu kama neno la mwalimu Jean-de-Dieu halijamupoteza tangu ulipomufundisha kusoma. Unaona, Papa. Mimi siwezi kumuzuia. Aliingia kwa neno lako, na ni kwa neno lako tu atatoka.

Nilifikiri nitasimama hapa. Lakini kuna jambo ambalo sikumuambia Florent, wala Benny. Nakuambia wewe.

Daktari wa macho hakusafiri. Mwezi wa sita nilikuambia alikwenda Bukavu, na mwezi wa saba nikakuambia hajarudi. Hajatoka Goma hata siku moja; asubuhi anapita mbele ya meza yangu na mukate wake chini ya kwapa, ananisalimia. Pesa ya jicho la kushoto, ile uliyoniachia, imefungwa ndani ya kitambaa cha mama, bei ya mbuzi wako wawili, niliiweka ndani ya Goli Plus mwezi wa tano. Ilimaliza siku tisa. Zile mechi kumi nilikuwa nazikimbiza juu ya jicho lako. Na nilipolishika, likakwenda kwako kweli, kwa mwenyewe, na wewe bila kujua ukalipigilia juu ya kikanisa.

Na bado. Kisha ya ile baraka nilirudi kucheza. Nilijiambia mukono uliobarikiwa mbele ya watu hauwezi kupoteza. Mukono ule ulipoteza kwa majuma sita. Pesa ya masomo ya watoto ya mwezi huu wa tisa, ambayo Rosine aliishonea moja moja, imekwenda pia. Nimepiga hesabu, kwa mara ya kwanza uchunguzi wa kweli: niliyoipoteza inapita ile dola mia tano na kumi mara mbili na zaidi. Kama Florent anataka kujua kampuni inalipa namna gani, ndiyo hivyo inavyolipa.

Rosine nilimuambia juzi, mchana, wakati alikuwa anatia uzi ndani ya sindano. Hakulia. Alimaliza kutia uzi, kisha akasema: “Ingekuwa mwanamuke, ningejua nyumba yake, ningeenda kugombana naye. Sasa hii niende kugombana na nani?” Lakini kesho yake alivaa viatu vyake vya misa akaenda mwenyewe kwa daktari. Atakupokea tarehe makumi mbili, na amekubali nusu ya bei kwanza. Ile nusu imepatikana kwa vitenge viwili ambavyo Rosine hakuvivaa bado, na kwa simu yangu, ambayo Benny ameinunua. Akaunti nimeifuta mbele ya macho ya Rosine. Ukitaka kuniita, piga kwake. Mimi pia ningeweza kukupigia kwa simu yake, lakini najijua: nikisikia sauti yako nitauliza hali ya mbuzi, kisha nitakata.

Barua hii inakuja na Edmond, dereva wa kamio, lile lori la maharagi. Hapotezi kitu na hafungui bahasha ya mutu. Kesho atarudi Goma, na Jumamosi nitapanda naye. Siku ya Mungu, wakati wa matangazo, nitaomba ruhusa kwa padri, nisimame pale alipotaja jina langu, niseme ilikuwa pesa ya nini. Padri akiona manjanja yatoke, nitapanda juu mimi mwenyewe kuyatoa. Akiona yabaki, nitamushukuru. Wewe usiseme neno mbele za watu. Hukukosa. Ulimuamini mutoto wako, na kwa kuwa ulimufundisha wewe mwenyewe kusema kweli, ungefanya namna gani? Na ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, Papa, lakini panda na mimi kamio ya kurudi, jicho halingoji hasira ikwishe.

Rosine anakupigia magoti na kumutumia mama sabuni. Watoto wanauliza kama babu angali anajua zile hadisi za sungura. Musalimie mama Dative, na Olive, umuambie asiogope. Wazee wote wa shirika uwasalimie leo, mbele hawajanisikia.

Na Florent, Papa, umushike kwa neno lako mpaka nifike. Akichoka na chai, akiuliza sababu gani unamuzuia kwenda kutafuta ile kampuni, umuambie asijisumbue njia. Kampuni yenyewe inafika na kamio ya Jumamosi, yote nzima, na ni mutu mumoja.

Ni mimi mutoto wako,
Achille Kambere