Majivu kwenye kitovu cha mjukuu

Fidelis, haki ya Mungu, leo sikupigi kamba. Kweli tupu.

Mjukuu wangu, yule mchanga wa Restuta, jana aligoma kunyonya. Halii, mwili wa baridi. Nikasema, "Mtoto mpole, kamfuata babu yake." Mpole! Nilisema hivyo, Fidelis!

Restuta, mkwe wangu, hakunisikiliza. Kambeba mtoto, kapanda bodaboda mpaka hospitali, nami nyuma.

Nesi akafunua kitovu. Chekundu, kinanuka. "Nani kapaka majivu?"

Nikaanza, "Labda upepo wa jikoni, mwanangu..."

Restuta akanigeukia. "Baba, si ulisema uliwatibu hivyo watoto wa nahodha?"

Nahodha gani, Fidelis? Nilikuwa mpishi wa shule!

Kumbe vijidudu viliingia kwenye damu. Nesi anasema mtoto mchanga akiugua si lazima achemke mwili, anaweza kupoa tu na kukataa ziwa. Ningemchelewesha, tungemzika.

Yuko kwenye dripu na sindano. Leo kanyonya kidogo.

Na mimi? Nesi kanisimamisha mbele ya wajawazito wa kliniki. "Babu, waambie." Kofia mkononi, nikawaambia: majivu niliyapaka mimi, na nilimdanganya mama wa mtoto kuwa ni dawa.

Hakuna aliyecheka. Nimeamriwa nirudi kila kliniki niyaseme tena, mpaka mtoto atoke wodini.