Ukimya wa Nyumba ya Mama

Bilele, Bukoba

Kaka Kahangwa,

Habari za Arusha? Huku mvua haikatiki, na kahawa ya baba mdogo imeanza kuiva. Nami nimepata tuzo ya sauti bora ya filamu. Nimeiweka juu ya friji.

Ile filamu tuliipigia kwenye nyumba ya marehemu mama, Muleba. Sisi watu wa sauti tuna desturi: waigizaji wakishaondoka, tunarekodi ukimya wa nyumba tupu, ili baadaye tuutandaze chini ya maneno yao. Nilibaki peke yangu, nikafunga mlango, nikarekodi. Sikusikia hata panya.

Basi siku ya tuzo majaji wakamsifu sana yule bibi anayesikika akimenya ndizi jikoni. Wakaniuliza nilimpata wapi. Kaka, hatukuwa na bibi yeyote.

Nimesikiliza upya kwa hedifoni. Kisu kinamenya, maganda yanaangukia jani. Kisha kisu kinasimama, na mama anauliza kwa Kihaya, taratibu: "Kahangwa, ni wewe umefika?"

Sikulaumu kwa kutokuja kumzika. Hilo tuliache.

Jumapili nilirudi Muleba na mashine ya kurekodia, nikakaa jikoni, nikasema kwa sauti: "Mama, ni mimi, Renatha." Niliporudi Bilele nikasikiliza alivyonijibu. Hakunijibu. Kisu kilikuwa kinaendelea tu, kama vile hakuna mtu aliyeingia.

Njoo, kaka. Anakumenyea wewe.

Mdogo wako,
Renatha