Nati Alizozikaza Baba

Hagsätra, Stockholm

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Bega linaendeleaje? Mdogo wangu Deo ameniambia unashinda shambani ukipiga madebe kufukuza kweleakwelea, na jioni huwezi hata kujitwika ndoo. Sisi huku wazima. Baridi imeanza kung'ata, ila koti ninalo, usianze.

Nimeandika barua kwa sababu kwenye simu, kila nikitaja bunduki ya upepo ya marehemu Baba, mtandao wa kwako unaharibika ghafla. Karatasi haina mtandao, Mama. Leo utanisikiliza.

Wiki iliyopita kazini nililetewa basi ambalo mlango wake ulikuwa ukifunguka kwa kusuasua. Nikajua ni ile valvu ya kutoa upepo haraka. Jina lake la Kiswidi ni refu mno, sijawahi kulifikisha mwisho. Nikaifungua, nikakuta kile kiduara cha mpira cha ndani kimekakamaa. Nikabadilisha, nikajaribu mlango: pshaa! Machozi yakanitoka mbele ya basi. Ni Baba mtupu. Niliiona karakana yake ya nyuma ya jiko, ule mtungi wa breki za lori aliouokota, pampu ya baiskeli, na yeye anakata kiduara cha ngozi kwa wembe, ulimi nje, mimi nimemshikia mafuta ya nyonyo. Akishajaza upepo huvuta kamba, ngozi inaruka, upepo wote unatoka kwa mkupuo: paa! Bunduki isiyo na risasi, lakini ndege walihamia kwa jirani, na jirani akaja kugomba. Na wewe jikoni ukaitikia, "Afya!", kana kwamba mtu kapiga chafya. Nimeikumbuka hiyo "afya" yako mpaka nimeumwa.

Sasa Deo anasema bunduki haipigi tena, inasonya tu. Ugonjwa wake naujua: ngozi imekauka. Dawa ni kuifungua. Na wewe umemkimbiza Deo na mwiko, eti nati zile alizikaza marehemu kwa mkono wake, haziguswi.

Nilimsimulia fundi mwenzangu, Mkongomani mtu mzima. Akasema, "Dada, nati yenye haifunguke, haiko nati tena. Ni musumari."

Sikucheka. Nilikuwa upande wako. Mama, mimi sikumzika Baba. Makaratasi yangu yalikuwa hayajatoka, nikakaa humu chumbani nikisikiliza kwaya ya mazishi kwenye simu. Wewe una nati alizozikaza. Mimi sina hata kifungo cha shati lake. Nakuonea wivu, nasema kweli. Lakini yeye mwenyewe alizifungua kila msimu, mpunga ukianza kutoa masuke. Asingekubali kukuona na debe.

Kwa hiyo humu ndani ya bahasha kuna viduara vitatu vya ngozi, kila kimoja na ukubwa wake, maana nimekisia. Nimekata ulimi wa kiatu changu cha zamani cha kazini. Deo aloweke kitakachoenea kwenye mafuta ya nyonyo kutwa nzima. Kwanza aachie upepo wote, ndipo ashike spana. Upande laini unatazama wapi sikumbuki. Aangalie ya Baba ilivyokaa, aige. Wewe simama hapo hapo, ili asifanye haraka.

Nisalimie shangazi mwenye mashine ya kukoboa, na mwalimu wa kwaya, na yule jirani mgomvi, mwambie ajiandae. Mjukuu wako Neema amekusalimu kwa Kiswidi, nami natafsiri: anasema akija umpikie wali wa shambani kwako, si wa dukani.

Na ile ngozi ya zamani, msiitupe. Itie kwenye bahasha, unitumie. Ukiikuta na grisi ya vidole vyake, iache hivyo hivyo, Mama. Usiioshe.

Ni mimi bintiyo,
Agnesi