Dagaa Wasio na Mchanga

Shajara, simama unipigie saluti. Kutoka Kagunga mpaka Ujiji hajazaliwa mpelelezi kama mimi, na akizaliwa atakuja kwangu kuomba tuisheni.

Leo Jumamosi, jua kali, ziwa limetulia.

Shule niliiachia darasa la sita, wanaocheka wacheke. Sekondari yangu ni ile gemu ya upelelezi kwenye simu. Imenifundisha kwamba maneno ya watu ni upepo tu, we tafuta kitu kinachoshikika. Na usimtaje mwizi mpaka ushahidi wote uwe mfukoni. Ukiwahi, unarudishwa mwanzo.

Sasa kesi. Jana gunia la dagaa la Mama Zuhura liliyeyuka. Lawama zote kwa Nestori, kijana Mrundi aliyekuja na wakimbizi kupitia Kagunga kule mpakani, kibarua wake wa kufukuza ndege kwenye dagaa. Wenzake walishapanda mabasi ya kambini. Yeye kang'ang'ania hapa kwetu Katonga kwa sababu moja: walipotezana na dada yake wakati wa kukimbia, na walishaahidiana wakitengana wakutane hapa.

Mama Zuhura akamwambia mbele za watu, "Kesho nisikukute kwangu."

Nestori akaitikia tu kwa upole, ndiyo ya Kirundi, "Ego, mama."

Jamani, mwizi gani anaitikia hivyo?

Leo asubuhi nikaingia kazini. Rashidi Kipara, muuza dagaa wa meza ya pili, alikuwa na gunia nono kuliko kawaida yake. Nikajifanya mnunuzi, nikatafuna mmoja. Shajara, meno hayakukwaruza kitu! Kipara anaanika chini mchangani, dagaa wake ukila ni kama unatafuna ufukwe. Wa kuanika juu ya chanja za waya hapa kwetu ni Mama Zuhura peke yake. Nikaiba, samahani, nikachukua konzi moja ya ushahidi, nikatia mfukoni.

Ningeweza kusema palepale. Lakini bingwa hafungi kesi mbele ya kuku wawili. Nikasubiri mchana, soko lijae.

Likajaa! Nikamwita mwenyekiti wa mtaa, nikampa shikamoo ya nguvu, nikaomba mabeseni mawili ya maji.

"We dogo, unataka kufua?" Kipara akanikejeli.

"Nataka kukufua wewe, kaka. Dagaa wa gunia hili umewaanika wapi?"

"Pale kwangu mchangani, nani hapajui?"

Asante sana.

Beseni la kwanza nikatia dagaa wake wa siku zote, waliokuwa mezani. Nikasugua, mchanga ukatua chini mpaka ungeweza kupanda mhogo. La pili nikatia wale wa gunia. Maji meupe, unaona mpaka maua yaliyochorwa kwenye beseni.

Soko likalipuka! Vigelegele, miluzi, mtu akanibeba begani. Kipara akakohoa, akatazama chini, akakiri kwa sauti ya kifaranga. Mama Zuhura akanikumbatia na harufu yake yote ya dagaa, nikaona ni manukato.

"Yuko wapi Nestori nimwombe radhi?" akauliza.

Mwenyekiti ndiye aliyejibu. "Si mlimfukuza? Kapanda basi la kambini kabla ya adhuhuri."

Nikashushwa begani.

Jioni imefika boti kutoka Kagunga. Nimesimama majini nikimuuliza kila binti kama ana kaka anaitwa Nestori. Wamenitazama kama kichaa. Kesho nitasimama tena, na keshokutwa, hata wanicheke soko zima.

Kwa sababu lipo jambo sikulisema pale sokoni. Asubuhi, ushahidi ukiwa tayari mfukoni, nilimpita Nestori anafunga mfuko wake. Akaniangalia. Nikamkonyeza kama wapelelezi wa kwenye gemu, nikaenda zangu.

Sikumwambia asubiri.