Leso Uliyonifunga Kapsoya

Mama yangu mpendwa,

Kuna swali sikukuuliza ulipokuwa hai, na sasa tumeshakuzika Burnt Forest ndipo linanisumbua.

Unakumbuka ulivyokuja kwangu Kapsoya na gunia la viazi, siku chache baada ya mimi kujifungua kwa upasuaji? Hata chai hukunywa. Ulitoa leso mpya ukanifunga tumbo mpaka nikashindwa kucheka, ukisema tumbo la mzazi lisipofungwa hubaki likining'inia. Nani angebishana nawe? Niliivaa juma zima, jasho na yote, na nilipoanza kutetemeka kwa homa tukadhani ni maziwa yamejaa. Kisha nyuzi zikaachia, usaha ukatoka.

Hospitalini nesi aliuliza nani alinifunga. Nikasema nimejifunga mwenyewe. Wewe ulikuwa umesimama pale na mtoto mgongoni, ukaangalia dirishani.

Nilidhani aibu ingekuzuia kurudi. Wapi! Kila siku ya kuosha kidonda ulikuwa wa kwanza kuvaa viatu. Uliinama juu ya tumbo langu kama mtu anayechungulia kisima, ukauliza mbona hawashoni.

"Mama, hii tunaiacha ijae kutoka chini," nesi akakueleza. "Tukishona saa hii, uchafu tunaufungia ndani."

Kesho yake ukauliza tena. Uliitazama shashi yenye maji ya chumvi ikiingizwa kidondani, ukaipima kwa macho, na tukirudi nyumbani ukaniambia imeingia kidogo kuliko jana. Mimi nalia, wewe unapima. Wiki zikapita hivyo, hadi siku ambayo shashi haikuingia tena.

Leso hatukuitaja hata siku moja. Nilifikiri nimekusitiri vizuri.

Juzi mdogo wangu Wambui alijifungua, naye kwa upasuaji. Nilienda kumwonya nikakuta ameshaonywa. Ulimwambia ulipokuwa mgonjwa: "Usikubali kufungwa tumbo kabla kidonda hakijakauka. Mimi nilimfunga dada yako nikamharibu, na bado akanitetea."

Mbona ulimwambia yeye, si mimi?

Halafu nikajiuliza kuhusu siri yangu mwenyewe. Siku ya mwisho ya kuosha kidonda, wewe ukiwa nje na mtoto, nesi aliniambia kidonda kingeweza kuoza hata bila leso. Sikukwambia. Ningekwambia, ningekuwa nimekubali mbele yako kwamba ni wewe uliyenifunga. Kwa hiyo nikanyamaza miaka yote hiyo, nikidhani nakulinda.

Hukuniharibu, Mama. Pumzika na hilo.

Kifungua mimba wako